Kalamu Yenye Kamba

Lala ukigeukia ukuta, Kervin,
taa hiyo haizimwi.
Alfajiri wataleta uji mzito wa mahindi.
Kula hata kama hutaki.
Njaa humfanya mtu aitikie ndiyo kwa kila kitu.

Asubuhi hutaiona mahakama.
Utaona runinga ukutani, karibu na mashine za kufulia,
na ndani yake hakimu, mdogo kama picha ya pasipoti,
akilisoma jina lako vibaya.
Jina liache. Sahihisha tarehe ya kuzaliwa.
Mimi walinichanganya na Alcide mwingine,
nikakaa siku kumi na moja kwa faini yake.

Atauliza: una uwezo wa kuweka wakili?
Watakupa fomu. Andika kweli,
hata lile gari lisilo na injini
lililomezwa na nyasi uani kwa shangazi yako Eula.
Kisha watakutoza dola arobaini
ili utambuliwe kuwa huna hata moja.
Usicheke. Mimi nilicheka, ikaandikwa.

Dhamana, elfu tano. Mdhamini wa ng'ambo ya barabara,
yule mwenye bango la chura anayetabasamu,
atataka mia sita, na hazirudi.
Mama yako atataka kuuza friza.
Mwambie asiuze.
Au auze. Sijui. Wangu aliuza,
na kamba wote wa msimu ule wakaoza.

Wakili wako atakuja. Si kesho.
Bi. Prejean, mwenye majalada mia mbili na kitu
anayoyavuta kwa kigari cha sokoni.
Atakuita Kevin. Atakuwa na dakika saba,
tatu za kuitafuta karatasi yako.
Usimchukie. Nilimwona ngazini anakula biskuti,
macho amefumba, midomo ikirudia majina yetu
kama mtoto anayekariri sala.
Mwanzie na lile lisiloandikwa popote:
kwamba nyaya za shaba zilikuwa jalalani,
kwamba Bwana Stelly mwenyewe alisema chukua.
Machozi baadaye.

Kwa wengine wote, kimya. Kwa polisi. Kwenye simu.
Na kwangu pia, umeshaniambia mengi mno.
Humu kuta zina masikio,
na wenye masikio wana vifungo vya kupunguziwa.

Kisha itakuja siku ya karatasi moja.
Watakuwa wameahirisha mara ya nne,
miwa imevunwa bila wewe,
na mtu atakwambia kwa upole:
kubali kosa leo, leo ulale kwako.

Mimi nilikuwa na siku tisini na nne.
Binti yangu alishajifunza kutembea
kwa kushika kiti nisichokijua.
Nikasaini. Usiku ule nililala kwangu kweli,
na karatasi ile tangu hapo hunitangulia
kila mlango ninaobisha.

Sikwambii usaini. Sikwambii usisaini.
Muulize Bi. Prejean, na akiwa na haraka muulize hakimu:
hii itanifuata mpaka wapi?
Mkono mtupu haulambwi, najua,
lakini hata huo hunyooshwa juu.

Kalamu watakayokupa imefungwa mezani kwa kamba.
Kamba yenyewe fupi,
itakubidi uiname ndipo uandike jina lako.
Soma kwanza,
ungali umesimama.