Ukurasa wa Kwanza

Siku tisa Iñaki alingoja Kibo kitoke,
kamera imelala Rau chini ya turubai,
posho zetu zikiishia kwa mama ntilie.
Alikwisha kuongoza majukwaa ya Bilbao, na sinema nne;
hakuna mwigizaji aliyewahi kumchelewesha hivyo.

Siku ya kumi Aikande,
aliyekuja kudai deni la mtori,
akamkuta anafuta jasho kwa skripti.
"Huo mlima," akasema, "haujui kama umeajiriwa."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka.
Kisha akachana ukurasa wa kwanza,
akaandika upya nyuma ya risiti:
mwanamke, sufuria, deni.

Tulirekodi jioni ileile.
Mawingu yakapasuka, Kibo cheupe pe,
na hakuna aliyegeuza kamera.

Aikande alikuwa anahesabu chenji.