Foleni

Walileta visanduku ishirini na viwili, vyembamba kama chapati za jana,
havina diski, havina feni, havina hata siri.
Kila asubuhi vinaamka vimesahau yote
na kuiuliza seva: mimi ni nani?

Lakini printa ni ileile,
nzito, rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
kando ya kabati la faili, ofisini Mudete.
Inajua lugha moja tu,
na mkalimani wake, kiendeshi cha zamani,
seva mpya ilimzuia mlangoni:
hana sahihi, hana cheti,
rika lake lilishazikwa.

Jaribio la kwanza: kurasa arobaini za nyota na mikwaju.
Mama Kageha aliokota mmoja, akauliza
kama hayo ndiyo makato mapya.
Nje, wakulima wa chai walikwisha kupinda kona ya duka la pembejeo
na wingu la saa nane lilikuwa likishuka kutoka upande wa Nandi.

Nikaweka kiendeshi cha jumla, kile kinachomfaa kila mtu
kama gambuti za kuazima.
Kikakubali. Kisha kikala herufi ya mwisho ya kila jina:
Kageha akawa Kageh, Mmbone akawa Mmbon,
na shilingi zikapoteza sifuri.
Hapo ndipo meneja alipotafuta kiti.

Stoo, chini ya magunia matupu ya mbolea,
seva ya zamani, buibui kwenye tundu la sidii.
Ubavuni bahasha, imeshikwa kwa selotepu iliyokauka,
na mwandiko wa Lugalia, karani aliyestaafu kabla sijaajiriwa:
USITUPE. ITATAKIWA.

Nikaiwasha. Ikakohoa, ikahesabu, ikasimama.
Nikaifanya mshenga:
visanduku viiambie seva mpya,
mpya iiambie kuukuu,
kuukuu iinong'oneze printa kwa lugha ya nyumbani.

Sijatuma kitu bado, printa ikaanza yenyewe.
Ukurasa mmoja. Kazi moja iliyobaki foleni
tangu karatasi zilipoisha, siku ile, mwaka ule:

*Kwa Meneja. Naomba ruhusa ya siku tatu
nimpeleke mke wangu Kisumu kwa daktari wa moyo.
Nitafidia Jumamosi.
Wako mtiifu, E. Lugalia.*

Sijui kama aliandika nyingine kwa mkono.
Sijui kama walikwenda.
Nyuma ya bahasha kuna nambari ya simu ya mezani,
fupi mno kwa mitambo ya leo.

Kisha hati zikateremka, zikiwa na joto,
Kageha na herufi yake,
Mmbone na sifuri zake zote.
Majina yakaitwa dirishani. Mvua ikaanza kupiga mabati.

Meneja akaona karatasi mkononi mwangu. Hiyo ya nani?
Nikamwambia, ya aliyetangulia kwenye foleni.
Akachomoa kalamu mfukoni,
akatia sahihi bila kusoma.