Kalamu Nyekundu

Zamu ya usiku, Punta Arenas. Upepo
unang'oa mabati; mjini wamefunga kamba
kando ya njia, watu wazima wazishike wasibebwe.

Bibi Danica Vukasovic kaja saa nane,
kakunja mgongo, kashika tumbo.
Nikafungua faili lake, nikakuta neno moja
kwa wino mwekundu, la mwaka juzi,
mkono wa mmoja wetu.
Basi. Tumbo sikuligusa.
"Huyu ni wa kule juu," nikamwambia Ñancupel,
naye akacheka puani,
tukamvutia pazia kama mtu afunikaye chungu.

Alisema, "Binti, kichwa changu nakijua.
Hiki si kichwa."
Alisema mara tatu. Nilihesabu, sikusikia.

Alfajiri kidole tumbo kilikuwa kimepasuka,
na changu, cha mkononi, hakijamgusa.

Kapona. Leo nimempelekea chai,
radhi imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.
Yeye ndiye aliyeuliza:
"Na wewe, unalala?"

Mfukoni nina kichupa kilichoandikwa Vitamini.
Si vitamini. Mwaka wa sita huu.
Ñancupel hajui, mkuu wa zamu hajui;
mimi nazijua kalamu zetu.

Nikakitoa. Nikakiweka mezani, karibu na chai,
maandishi yakitazama ukuta.

Dirishani, mtu ameshika kamba kwa mikono miwili,
kofia imekwenda,
na hakuna anayemcheka.