Mfereji wa Sindano

Julai hapa Uyole baridi huingia hata ndani ya chuma.
Asubuhi nashika gurudumu la cherehani
nalo linakataa, kama mtoto aliyeitwa kuoga.
Mwaka juzi shemeji yangu aliitia mafuta ya alizeti.
"Mafuta ni mafuta," alisema.
Yakaganda, yakawa ulimbo.
Siku mbili nilikaa na mafuta ya taa na unyoya wa kuku
nikiisafisha koo, tundu kwa tundu.

Kwa hiyo leo mafuta sikuyashuku.

Sanga wa punda amekaa juu ya gunia, miguu mbele.
Anangoja mkanda wa kifuani:
ngozi mapande matatu, gundi imekauka,
bado yananuka ng'ombe.
Kesho viazi vinashuka kutoka Isyonje
na punda havuti mkokoteni kwa maneno.

Nikakanyaga.
Ta-ta-ta. Kimya. Ta-ta.
Inaruka.
Mishono mitatu inashika, wa nne unapita hewani
kama mtu anayesalimia msibani mkono kwa mkono
akamruka mmoja, makusudi.

Nikakaza uzi wa juu: ukakatika.
Nikalegeza: chini ukafuma kiota cha shomoro.
Nikatoa bobini, nikaipuliza, vumbi la ngozi likanirudia machoni.
Nikaupaka uzi nta. Nikakandamiza mguu zaidi.
Nikang'oa sindano, nikatia nyingine, namba ishirini na mbili,
nene ya kutoboa hata ahadi ya mdeni.
Ta-ta. Kimya.

"Labda imechoka," akasema Sanga.
"Chuma hakichoki, Sanga. Anayechoka ni"
Sikumalizia.

Tusekile alikuwa pembeni anakata mikanda.
Nilimfundisha asiseme mpaka aulizwe.
Yako mafunzo fundi huja kuyajutia.
Akaweka kisu chini, akanawa, akasogea,
akapitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa sindano,
polepole, kama anayekagua kama kidonda kimefunga.
"Mama, mfereji umetazama kulia."

Mfereji.
Ule mstari mwembamba ambamo uzi hujilaza
sindano inapozama katika ngozi.
Ukiugeuza, uzi hauna pa kulala;
ndoano inakuja chini, haikuti kitanzi,
inarudi mikono mitupu.
Na sindano hizi shina lake ni mviringo,
halina ubapa wa kukuelekeza.
"Unakoingilia uzi, ndiko mfereji utazame."
Hayo ni maneno yangu. Nimewaimbia wanafunzi tisa.
Leo yamenirudia kwa sauti changa.

Niliutafuta kwa macho.
Nikaona sindano tu, nyeupe, laini,
uzi wa mvua kwenye kioo cha dirisha.
Tangu Pasaka natunga uzi kwa mate na bahati.
Nilisema ni taa. Nilisema ni ukungu wa Uporoto.
Nilisema viwanda vya siku hizi vinatoboa matundu madogo.

Tusekile akalegeza skrubu, akageuza, akakaza.
Sikumpa kiti. Nilisogea tu,
nusu ya kigoda,
naye akakalia nusu ile, bega kwa bega,
yeye mikono, mimi mguu kwenye kanyagio.
Ta-ta-ta-ta-ta-ta.
Mshono ukajipanga kama miche ya pareto.

Sanga akaondoka na mkanda begani, deni limebaki elfu nne.
Hakuuliza kilichokuwa kibovu.

Jioni, mlango nusu wazi, binti ameshakwenda,
nikachukua ile sindano niliyoing'oa.
Nikafumba macho.
Nikapitisha ukucha: laini.
Nikageuza kidogo. Laini.
Kidogo tena.

Huu hapa.