Filamu Tatu na Nusu

Mwalimu Lugoye alitundika shuka ukutani,
shuka la bweni lenye namba 46 kwa wino pembeni,
na Jamaika yote ikapita juu ya namba ile
kila Alhamisi saa nane, dirisha likizibwa na kanga za Nyamisi.

Kabla ya hapo Jamaika kwangu ilikuwa kofia.
Ilikuwa rangi tatu nyuma ya bodaboda ya Masalu,
ambaye hajui kisiwa kiko upande gani wa dunia
lakini bendera yake anaifua kuliko shati.

Ya kwanza ilikuwa na risasi nyingi kuliko maneno.
Wavulana wa nyuma walipiga makofi kila mtu alipoanguka.
Mimi nilikuwa nahesabu mabati.
Yametu, yamepinda, yameelemewa tairi yasiruke.
"Mabatini!" nikasema, na sauti ikanitoka kubwa,
darasa zima likacheka.
Lakini ni kwetu kabisa, tofauti ni moja:
kwetu jiwe ndilo mwenye nyumba,
lilikuwepo, limekaa, nasi tukaja kupanga ubavuni pake.

Ya pili, fundi cherehani anadaiwa kodi.
Wanasema Kiingereza, na chini yake
wamewekewa Kiingereza kingine,
kama mtu mzima anayeshikwa mkono kuvushwa barabara
anayoivuka kila siku.
Hapo sikucheka na wenzangu.
Nilikumbuka wiki ya kwanza chuoni,
ulimi wangu wa Ukerewe ulipoomba kalamu
na msichana wa Tanga akauliza, karamu ya nani?
Mpaka leo naazima kwa kidole. Naonyesha tu.

Kisha bibi wa fundi akamsukumia mjukuu sahani:
nyam!
Mtoto akala.
Nikaandika: nyam, nyama? na alama kubwa ya kuuliza.
Mwalimu akasema si letu, huenda ni la ndugu wa magharibi,
lilivuka ndani ya vinywa vilivyofungwa minyororo,
likafika likiwa bado na njaa.
Sikufuta alama yangu ya kuuliza.

Ya tatu mvua ilinyesha saa nzima.
Nusu ya darasa walilala, Deusi akakoroma.
Kuna mzee amekufa, na usiku wa tisa
watu wanakesha, wanagonga domino mezani
kama wanaopigilia misumari,
wanamwambia marehemu nenda, usigeuke, kitanda tumekihamisha.
Baba naye tulimwambia nenda.
Hatukuwa na rumu. Tulikuwa na chai
na maandazi ya mkopo kwa mama Bhoke.
Kitanda hatukukihamisha.
Nalala hapo mimi.

Ya nne, mwanamke amekaa foleni, ameshika bahasha.
Ameipasua kidogo, kwa ukucha.
Umeme ukakatika.
Shuka likarudi kuwa shuka, namba 46,
na kiyoyozi cha ofisi ya jirani kikakata roho.
Tukagombana gizani. Deusi, aliyeamka sasa hivi,
akaapa kwamba viza amenyimwa.
Nyamisi akasema ataichana asiisome,
maana ana mtoto pale, hukumwona yule mtoto?
Mwalimu akasema, andikeni, maneno mia tano, Jumatatu.
Mwisho wenyewe hakutuambia.
Nadhani naye hakuwahi kuufika.

Jioni nilipanda kwetu, ngazi za mawe,
nikamkuta mama anageuza mapanki kwenye mafuta
ambayo yameshakaangia wiki.
Nikamsimulia yote, bastola, bibi, mvua, bahasha.
Alisikiliza kama anavyosikiliza redio,
mgongo kwangu, sikio kwangu.
Akauliza swali moja.

"Hao watu wana ziwa?"
Wamezungukwa na bahari, mama. Pande zote.
Akageuza panki. Akatazama chini, maji yetu
yalivyolala nyuma ya Kirumba, ya kunywa, ya kufulia, ya bure.
"Ya chumvi," akasema. "Masikini."
Akanipa kipande cha kwanza.
"Haya, nyam."