Kamba Nne

Kitambaa changu kina kamba nne, moja kila pembe.
Ukizivuta, soksi zote hugeuka ngumi moja
kabla hujamaliza kusema "kanjo".

Wala hakuna anayelimaliza neno hilo.
Sisi wa Accra Road husikia "ka"
na miguu imeshaondoka,
kichwa kinafuata nyuma kikiuliza kuna nini.

Nimewasoma majirani zangu kwa miaka sita.
Kwamboka wa mikanda hukatia kushoto daima,
hata askari akitokea huko huko kushoto.
Musyimi hurudi kinyumenyume, macho mbele,
mgongo wake unaujua mlango wa duka la simu.
Mimi kulia ni umeme.
Kushoto, goti huomba ruhusa kwanza,
na ruhusa hiyo ilinigharimu dazeni tatu mwezi wa Aprili.

Jana mtoto aliangusha kifuniko cha sufuria.
Kifuniko tu!
Barabara ikafumuka kama mshono,
huyu huku, yule kule,
maparachichi yakabingirika katikati
yasijue yamfuate nani.
Tukarudi mmoja mmoja, tukichekana,
mioyo bado inakimbia bila sisi.

Usiku, Kayole, mume wangu alifunga dirisha kwa kishindo.
Nilikuwa nimelala.
Nilipoamka nilikuwa nimesimama mlangoni,
upande wa kulia,
nimeshika shuka kwa pembe zake nne.