Dakika Tatu za Delfina Pugh

Baraza la mji, Cañadón Chico, Patagonia.
Ajenda ya saba, baada ya mbwa wazururao
na kabla ya bomba la majitaka:
kuuzwa kwa kiwanja cha ndege cha klabu.

Nimepewa dakika tatu na kipaza sauti kinachokoroma.
Kucha zangu zina oili. Nimezisugua kwa limau, wapi.
Mbele yangu diwani Urrutigoity amekunja mikono.
"Mchezo wa matajiri," alikwisha sema gazetini.
"Wachache wanapaa, wengi tunakula vumbi."

Waheshimiwa, tajiri mwenyewe ndiye mimi.
Nina ndege. Yaani nina robo ya ndege:
tuliinunua wanne, kwa sufu ya misimu miwili,
mimi, mwalimu Ofelia,
na wale ndugu wawili, akina Nahuelquir, wachimba visima.
Imenizidi umri kwa miaka mitatu.
Viti vyake nimevishona mwenyewe kwa turubai la lori.
Gari lako, diwani, lile jeupe pale nje,
lingenunua mbili kama yangu, na chenji ikabaki.

Kelele inayo, sikatai.
Saa nane mchana, mji umejilaza,
inaupasua usingizi kama msumeno.
Na moshi wake si manukato.
Basi tuketi, tupange saa, tutafute mafuta mengine.
Jino likiuma, hakatwi mtu kichwa.

Mmeisahau Julai ile?
Barabara siku tano chini ya theluji,
mtoto wa Painemal anahesabu pumzi,
na helikopta ya serikali inangoja muhuri wa tatu.
Nani alileta dawa?
Ofelia, sanduku limebanwa kati ya magoti,
akatua kwenye changarawe iliyofagiliwa kwa makoleo
na hao hao mnaowaita wengi.
Wewe pia ulikuwapo, diwani. Ulishika koleo.
Kiwanja kile ni mlango
uliolazwa chini. Mnauza mlango
ili mpate fedha za kupaka ukuta rangi...

Kengele.
Kipaza sauti kikazimwa, mdomo wangu ungali wazi.
Mkononi nilibakiwa na ukurasa mmoja,
ule wa kweli.

Haukuwa na dawa wala theluji.
Ulisema: alfajiri, upepo ukiwa haujaamka,
magurudumu yanaachana na changarawe,
na mtetemo wote wa chini unakatika, kama uzi.
Mtu mwenye deni, mwenye goti bovu,
aliyeachwa na mume kwa barua ya mistari minne,
anainama dirishani
anauona mto ulivyojikunja kumi kabla ya kufika,
na haukuchelewa.
Haina faida, ulisema ukurasa ule.
Nilitaka niwatazame machoni niseme: haina faida,
na hiyo si sababu ya kuiuza.

Kura imeahirishwa hadi Jumanne.

Mlangoni bawabu, bwana Eleuterio,
akanirudishia koti. Miaka kumi
hajanisemesha zaidi ya "baridi leo".
Akalishikilia koti kidogo.
"Ukiwa kule juu," akasema,
"makaburi ya shamba la zamani yanaonekana?
Daraja lilichukuliwa na maji. Farasi naye amekufa.
Sijafika tangu."

"Yanaonekana. Uzio mweupe, mti mmoja."

"Miwili," akanisahihisha. "Niliipanda mimi."

Nikamwambia Jumamosi, kabla upepo haujaamka,
na avae soksi mbili mbili.
Hakusema ndiyo. Aliitazama mikono yangu,
zile kucha, kwa muda mrefu.

"Limau haliondoi," akasema.
"Tumia majivu."